Wimbo wa Baba Getini

Baba hakubisha hodi nyumbani kwake hata siku moja. Alisema mtu anayerudi na mifugo habishi hodi kwenye boma lake. Anaimba, na waliomo ndani wanasikia, wanakuja kuondoa miiba mlangoni. Sisi hatukuwa na mifugo wala miiba. Tulikuwa na geti la mabati lililokwaruza saruji kila lilipofunguliwa, na baba alikuwa soja, mlinzi wa mchana kwenye jumba moja la maduka hapa mjini Isiolo. Lakini desturi yake aliishika. Jioni akifika alisimama nje, rungu kwapani, akaanza kuimba bila maneno, mm-mm-mm, mpaka mtu aende kumfungulia. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nimeshinda kutwa kwenye ofisi ya kaunti, miguu inawaka moto, na bado natakiwa niinuke kwa sababu mwanamume mzima hataki kugonga bati.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa subira. Nilikuwa nikienda mbio, nafungua kwa kishindo, namwambia, “Mzee, ingia bwana, chai inapoa.” Naye alikatiza wimbo wake hapohapo na kuingia akicheka. Hilo ndilo lililokuwa jambo letu la kila jioni, na wala sikulihesabu kuwa jambo.

Kisha asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, kiharusi kikamwangusha.

Hospitali walimwokoa, namshukuru Mungu na wale manesi. Lakini aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yameisha. Si kwamba hakuelewa. Ukimwambia sogea, anasogea. Ukisema uongo, anakukazia macho kama zamani. Ila akifungua kinywa hakutoki kitu, na akishindwa anageukia ukutani. Tukakubaliana lugha yetu: ndiyo anainua kidole cha mkono wa kushoto, hapana anafumba macho. Huyu ni mtu aliyekuwa akigombana na redio. Kimya chake kilinitisha kuliko kilio chochote ambacho nimewahi kukisikia.

Binti aliyekuwa akimfanyisha mazoezi, mmoja wa wale walioletwa na ajira za kaunti kutoka huko Mlima Kenya, aliniweka chini akanieleza bila kunificha. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kupigania. Ikipita bila neno, huenda neno lisirudi. Halafu akaniambia kitu nilichodhani ni mzaha: kusema na kuimba havikai pahali pamoja kichwani. Kuna watu wanashindwa kusema “maji” lakini wanaweza kuyaimba, na mtu akishaimba, taratibu unauondoa wimbo na maneno yanabaki.

“Tafuta wimbo yenye anapenda,” alisema. “Yenye anapenda yeye, si yenye unapenda wewe.”

Nikaanza na kanisa, kwa kuwa ndiko nyimbo zilikokuwa karibu. Kina mama wa jumuiya walikuja na vitabu vyao, wakajaza sebule, wakaimba kwa sauti nne. Baba alifumba macho tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Wao walidhani anasali, wakafurahi sana, wakamwekea mkono kichwani. Mimi nilijua anasema hapana.

Nikamwita baba mdogo, ndugu yake, aje kutoka upande wa Gotu. Huyu alikuja na dawa aliyoiona haina shaka. Sisi Waturkana, kijana akipata maksai wake, ng'ombe dume anayempenda kuliko wote, anamtungia wimbo. Anamwimbia rangi yake na pembe zake, na watu wanamwita kijana yule kwa jina la ng'ombe wake mpaka uzeeni. Baba alikuwa na maksai wa namna hiyo, mweusi mwenye kiuno cheupe, kabla mimi sijazaliwa. Baba mdogo akasimama katikati ya sebule yangu, akainua mikono juu kama pembe, akauimba wimbo ule kwa kifua chote mpaka jirani akachungulia uani.

Machozi yakamtoka baba. Hayakuwa ya furaha. Akageukia ukuta.

Baba mdogo akateremsha mikono. “Nimefanya vibaya,” akaniambia tukiwa nje. “Hiyo ng'ombe ilienda na wezi. Zote zilienda siku moja. Huyu aliacha kuimbia ng'ombe hapo, akakuja taoni kutafuta kazi. Hata hiyo jina alikataa watu wasimuite tena.”

Sikuwa najua. Ningejuaje, mtu mwenyewe alikuwa hayasemi ya kwake hata akiwa na ulimi.

Siku chache baadaye nilikuwa namlisha uji, nimechoka, nimenuna, mawazo yako kazini. Bila kujua nikaanza kuvumisha kile kiwimbo chake cha getini, mm-mm-mm. Kidole cha kushoto kikainuka. Nikanyamaza kwa mshangao, kidole kikapiga godoro: endelea. Nikaendelea, na sauti yake ikaja chini ya yangu, nzito, ya mkwaruzo, lakini iko kwenye tuni. Midomo ilikuwa inatafuta kitu. Palikuwa na neno pale, niliona kabisa kwamba lipo, linasukumwa litoke. Kisha nikafika mwisho wa kile ninachokijua na kunyamaza. Naye akanyamaza, akanitazama, anangoja.

Sikuwa na zaidi. Nilikuwa na mwanzo tu. Tulirudia mara nyingi mno, na kila mara alikwama palepale, kisha akakasirika, akausukuma uji ukanimwagikia. Nilikasirika pia. Halafu nikaenda uani nikalia, kwa sababu kumbe wimbo ulikuwepo na mimi ndiye niliyekuwa simalizi.

Nilianza kuuimba kwa kila mtu. Baba mdogo alisikiliza kwenye simu akakata shauri: si wimbo wa ng'ombe wowote wa kwetu. Ofisini, mwenzangu Mborana, mzaliwa wa Biliqo, alisogeza kiti akasikiliza kwa heshima zote. “Wallahi hii si yetu. Sisi tukiimba kwa kisima haiendi hivyo.” Akanipeleka kwa Msomali wa malipo, Msomali akanipeleka kwa Mmeru wa mapokezi. Makabila yote ya Isiolo yalikaa juu ya wimbo ule, na yote yakaukana. Ilikuwa mara ya kwanza kuona jambo ambalo mji mzima umekubaliana juu yake.

Jibu nilikutana nalo nilipokwenda kuchukua koti la baba na chupa yake ya chai kwenye jumba alilokuwa akilinda. Jumba lile lilijengwa kaunti ilipokuja, wakati kila mwenye ploti aliamini ofisi za serikali zitapanga kwake. Ofisi hazikupanga. Chini kabisa, karibu na lango, palikuwa na chumba cha gemu cha mama mmoja kutoka Meru, ambapo vijana walicheza mpira wa kwenye skrini mpaka wakasahau chakula. Baadaye mama yule aliuza mashine, akaweka karai la kukaanga chipsi. Nilisimama kwake kununua, navumisha ule wimbo kama kawaida yangu siku hizo, naye akainua kichwa.

“Hiyo ni ya gemu.”

“Gemu gani?”

“Sijui! Mimi nilikuwa nauza masaa, sikuwa nacheza. Ilikuwa kwa hiyo mashine ya karibu na mlango. CD ilikuwa ya kuchomwa, kopi tu, haina jina, na maandishi yake hata sikuwa naelewa. Mashine nilishauza.” Akageuza chipsi, hakunitazama. “Mzee anaendeleaje?”

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Nilikuwa nimekwenda kwa wachungaji, kwa kwaya, kwa watu wa visimani, natafuta asili ya wimbo wa baba, na wimbo wenyewe umetoka kwenye mashine ya watoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi nilikuwa nimetazama hadi darini.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kundi moja la mtandaoni. Sikujua kwamba duniani kuna watu ambao raha yao ni kusikiliza muziki wa gemu bila kucheza gemu yenyewe. Wapo wengi kama siafu. Wanarekodi, wanapanga, wanapeana, mmoja anaweka wimbo wa gemu iliyosahauliwa na mwingine anajibu kwamba amelia kazini. Kuna pahali maalumu pa waliopotelewa na wimbo, na pana adabu yake: unaruhusiwa kuvumisha kwa kinywa hata kama sauti yako ni ya chura, na hakuna anayeruhusiwa kukucheka. Unaeleza ulisikia wapi, kwenye mashine ya aina gani, na ulikuwa unaona nini kwenye skrini. Nilijirekodi nikiwa nimejifungia stoo ya mafaili ofisini. Nikaeleza kwa kifupi, kwa Kiingereza changu cha barua za serikali, kwamba baba yangu hasemi na nautafuta mwisho wa wimbo huu.

Sikutarajia kitu. Nilidhani watu wa mtandaoni ni wale wa kutukanana na kuuza dawa za kunenepa. Lakini siku iliyofuata nilikuta majibu yamejipanga. “Jaribu huu.” “Labda huu, sikiliza katikati.” “Si huu, lakini pole kwa baba.” Jioni baada ya jioni nilikaa kando ya kitanda, simu juu ya godoro, tukisikiliza vinanda na filimbi za gemu ambazo hakuna aliyewahi kuzicheza Isiolo. Baba alifumba macho. Mwingine. Akafumba. Na mimi, nisiyependa hata redio ya jirani, nikaanza kuwa na nyimbo nilizozipenda. Upo mmoja wa mvua, wa gemu ya kuvuka milima, ambao mpaka leo nausikiliza nikifua nguo.

Wiki zikapita. Yule binti wa mazoezi alikuja, akamtazama, akaandika kitu, akanitazama. Hakusema miezi inakwisha. Sote wawili tulikuwa tunajua.

Kwenye kundi kulikuwa na mmoja asiyechoka, mtu wa nchi ninayoisikia tu kwenye habari za barafu, sijui ni mwanamume au mwanamke mpaka leo. Aliniuliza tena: kwenye skrini kulikuwa na nini? Nikamjibu kwa hasira kwamba sikuwepo, aliyeusikia ni baba, na baba hasemi. Akajibu kwa upole: basi muulize baba.

Niliona aibu. Ni kweli, sikuwa nimemuuliza. Nilimchukulia kama mtu aliyesimama mlangoni akasikia sauti tu. Nikakaa mbele yake nikaanza. Kulikuwa na magari? Akafumba macho. Mpira? Akafumba. Watu wanapigana kwa mapanga? Akafumba kwa nguvu, kama nimemtukana. Ndege za vita? Majini? Pikipiki? Maji yakanifika shingoni. Nikasema kwa ukali, “Sasa kulikuwa na nini baba, ng'ombe?”

Kidole kikainuka.

“Ng'ombe?”

Kikainuka tena, juu kabisa, kikabaki hapo.

Niliandika neno moja tu kwenye kundi: ng'ombe. Yule mtu wa barafu alijibu kabla sijaiweka simu chini. Alijua. Ni gemu ya zamani ya ukulima ambayo haikuvuma, mchezaji analima, anafuga, anapeleka ng'ombe malishoni. Muziki ule hausikiki pengine popote, ila ukiwarudisha ng'ombe jioni. Akaongeza kwamba wachezaji wengi hawaijui sehemu ya pili, kwa kuwa wanafika zizini kabla haijaanza, na muziki unakatika mlango unapofunguliwa. Yeye alikuwa nao wote. Akanitumia.

Ilikuwa Jumamosi, jua limetulia uani, nimemtoa baba akae kwenye kiti chake nje. Nikaiweka simu mapajani pake bila kusema neno. Mwanzo ukalia, ule wangu, ule wa getini. Kidole juu. Ukafika pale tulipokuwa tunakwama, na safari hii haukukwama, ukageuka, ukashuka taratibu kama mtu anayeteremka kuelekea mtoni, na baba akafungua kinywa na kuimba.

Aliimba kwa maneno. Kiturkana kizima, kimepinda upande mmoja wa mdomo, lakini maneno. Sikusikia hata moja alilokuwa anasema, nilikuwa nalia kwa kelele, nimeushika mguu wake kwa mikono miwili. Jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, hapana, anaimba, sikia. Nilihisi mabega yangu yameshuka, nikatambua kwamba tangu ile asubuhi ya viatu nilikuwa nimeyabeba juu. Baba alipofika mwisho akanyoosha kidole kwenye simu: rudia. Tulirudia mpaka betri ikaisha. Mara ya mwisho nikapata akili ya kuazima simu ya jirani na kurekodi.

Jumatatu nikampelekea mama wa chipsi ile rekodi. Alisikiliza mkono kinywani, kisha akasonya kama mtu aliyefumaniwa.

“Basi nikuambie. Alikuwa anaingia ndani. Asubuhi, watoto wakiwa shule, hakuna mtu. Siku ya kwanza kulikuwa na mtoto mmoja anacheza, yeye alisimama tu kwa mlango anaangalia, akaniambia, ‘Huyu mtoto anachunga vibaya, hiyo ng'ombe ya nyuma inaachwa.’ Nikampea ashike mwenyewe. Woi, huyo mzee alichunga! Akaniomba nimwandikie jina ya moja, sababu hiyo gemu inakuuliza jina. Nyeusi, hapa katikati nyeupe. Akaniapisha nisiseme kwa watu wa nyumbani. Soja mzima, ati anachunga ng'ombe ya TV.”

“Na ulinyamaza hata nilipokuja kukuuliza?”

“Si aliniapisha? Nikasema nikitaja gemu, utafika mwenyewe.”

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Akanifungia chipsi za baba, akatia nyingi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yule binti alivyosema. Tuliimba, kisha tukaimba polepole, kisha tukasema huku tukigonga goti badala ya wimbo. “Ng'ombe” lilikuja la kwanza bila wimbo. “Maji” likafuata. “Chai” lilikuja mapema kuliko tulivyotegemea, na pamoja nalo lawama kwamba sukari haitoshi. Nilikuwa nimeomba kwa magoti baba arudishiwe ulimi, na sasa ulimi umerudi unasema ugali wangu una madonge. Namshukuru Mungu kwa madonge hayo.

Kwenye kundi niliweka ile rekodi, baada ya kumuuliza baba na yeye kusema “Weka” kwa kinywa chake. Walifurahi kama mtoto amezaliwa. Wapo waliosema wameipata ile gemu wakaanza kuicheza, na kwamba hawaharakishi tena kufika zizini. Lakini yule wa barafu, mwenye maswali yake, akauliza maneno yanamaanisha nini.

Kwa kweli sikuwa nimeyasikiliza. Nilikuwa nimeyapokea kama mtu anavyopokea mvua, bila kuangalia tone moja moja. Nikakaa mezani na daftari, nikamweka baba kando anirekebishe, tukaanza kutafsiri.

Mwanzo, ule ninaoujua, alikuwa anamsifu maksai. Mweusi wangu, kiuno cheupe. Umerudi kwangu kwa njia nisiyoijua. Huna harufu, hulambi chumvi, kwato zako haziachi alama. Hakuna kiangazi kinachokukondesha, na mwizi hajui pa kukushika. Baba alikuwa anatikisa kichwa, sahihi, sahihi.

Kisha tukafika kwenye sehemu ya pili, ile isiyosikika ukifika mapema. Nikaisikiliza mara ya kwanza, nikadhani nimekosea. Nikairudisha. Nikamtazama baba, naye akatazama pembeni, kule kwenye geti.

Sehemu ya pili si ya ng'ombe. Inasema: Binti yangu, toa miiba. Miguu imekuuma, najua, lakini hakuna mwingine ninayetaka anifungulie. Njoo uone nimerudi na nani.

“Baba,” nikasema, “kwa nini hukuwahi kuufikisha hapa?”

Alikusanya maneno, moja, moja, akigonga goti.

“Ulikuwa,” alisema, “unafungua haraka.”